Mahaba Makali na Macho Yaliyofumbwa (Sehemu ya Pili)

Wiki jana nilieleza kwa nini moyo wa mwanadamu hutafuta wa kumtukuza. Leo tulitazame jambo hilo hapa kwetu, kati ya Bungoma na Kitale, maana ardhi hii imeonja utamu wake na uchungu wake.

Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mchezaji hodari wa kandanda kabla ya watu kumwita nabii. Miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, akawahimiza Wabukusu wamrudie Wele, Mungu wao wa jadi, na mizimu ya wazee wao, na akawataka Wazungu wafungashe virago. Tukumbuke waliokuwa wakimsikiliza. Wengi walikuwa maskwota kwenye mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, wakitoka jasho kwa ujira wa kijungujiko. Mtu wa hali hiyo hamkabili bwana shamba kwa kupiga hesabu ya faida na hasara. Humkabili kwa kuwa amependa kitu kilicho kikubwa kuliko hofu yake. Mwaka 1945 serikali ilimfungia Masinde katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka, wafuasi bado walikuwa wakimngoja. Ujasiri huo ni tunda la mahaba makali, nami nauheshimu.

Kisha Februari 1948 polisi waliumiminia risasi umati wa waumini hao pale Malakisi, watu 11 wakafa. Mnamo Aprili 24, 1950, Lukas Pkiech, aliyeieneza dini hiyo miongoni mwa Wapokot, alikabiliana na kikosi cha serikali huko Kolloa, Baringo. Wafuasi wake, mikuki mkononi, waliamini kwamba risasi hazingewadhuru. Pkiech aliuawa pamoja na wengi wao. Maafisa watatu Wazungu na askari mmoja Mwafrika nao wakafa. Lawama ya kwanza nautwika ukoloni. Hata hivyo swali linanikaa rohoni: nani katika kundi lile angethubutu kumwambia kiongozi wake kwamba risasi inaua? Kumtilia shaka kungeonekana usaliti.

Mapenzi ya wawili hupita njia hiyohiyo. Binti anayemwabudu mchumba wake hupigwa kofi, kisha akaanza kutafuta kosa lake mwenyewe.

Katika dini nako hatari hiyo haijaisha. Mwaka 2023, wakati miili ya waumini waliofunga hadi kufa ilipokuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, polisi wa Bungoma walimhoji mhubiri wa Tongaren ambaye wafuasi wake humwita Yesu, kisha wakamwachilia. Si haki kumtia kapu moja na Shakahola kwa sababu ya jina tu. Vya kuuliza ni vingine: je, muumini anakula anaposikia njaa? Mtoto wake akiugua, anapelekwa hospitali? Akichoka na ibada, anaweza kurudi kwa wazazi wake bila kulaaniwa?

Wiki ijayo tutaingia nyumbani, kwa mume na mke.