Kumfundisha Farasi Kuruka Viunzi kwa Salama

Wapandaji wengi, hasa vijana, hudhani ya kuwa khatari ya kuruka viunzi imo katika kimo chake; lakini aliyeuzoea uwanja wa mafunzo ajua kwamba anguko aghalabu huandaliwa farasi akiwa bado hajainua mguu, na muandalizi wake ni binadamu: kwa mti uliolazwa pasipo pake, kwa masafa yaliyokisiwa kwa jicho, au kwa mkono mzito juu ya hatamu.

Katika habari ya mkono, aliyewafumbua watu macho ni Federico Caprilli, afisa wa jeshi la farasi la Italia, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1907, na ambaye mafundisho yake yalienea kutoka chuo cha kijeshi cha Pinerolo. Kabla ya zama zake ilikuwa desturi mpandaji aegemee nyuma na kuvuta hatamu, kwa itikadi ya kuwa hivyo humpunguzia farasi uzito wa mbele. Caprilli akawatazama farasi wakiruka bila ya mpandaji, akaona kuwa hunyosha shingo na kutua kwa miguu ya mbele, na kwamba anayevutwa kinywa wakati huo huadhibiwa kwa kitendo kile kile alichoamriwa. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajatulia barabara juu ya tandiko na amfunge farasi wake ukanda shingoni, aushike wanaporuka, ili hata akiyumba lijamu isimtese mnyama. Wala si haki kumwambia kuwa ukanda huo ni wa watoto.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, na chini ya pua yake pana mahali asipopaona kabisa, basi humlazimu kukipima kiunzi mapema, na katika kupima huko hutegemea sana mstari ulio chini. Ukilaza mti ardhini upande anaotokea, mbele kidogo ya kiunzi, atajua pa kurukia. Mti huo ukisogea nyuma ya kiunzi, atadanganyika, ataruka akiwa amekaribia mno, na magoti yatagonga. Ndiyo sababu kiunzi kilichopangwa kwa upande mmoja hakirukwi kwa upande wa pili mpaka kipangwe upya. Rangi nayo ina hukumu yake, maana farasi hapambanui vizuri nyekundu na chungwa mbele ya majani mabichi. Huko Uingereza, baada ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Exeter, iliamuliwa rangi ya chungwa katika viunzi vya mbio ibadilishwe kuwa nyeupe.

Kiunzi cha upana, chenye miti miwili sambamba, ndicho kinachonitia hofu zaidi. Nyuma yake pasiwe na mti zaidi ya mmoja, nao ukae juu ya vishikizo vinavyoachia vikielemewa, kwani farasi akiukanyaga kutoka juu nao usianguke, aweza kupinduka yeye pamoja na aliyempanda. Vishikizo vitupu na viondolewe nguzoni, kwa kuwa chuma kilichochomoza hupasua ngozi ya mnyama na ya mtu.

Ama masafa, yapimwe kwa utepe. Miti ya chini kwa mwendo wa matiti huachana kiasi cha mita 1.3, na viunzi viwili vyenye hatua moja ya mashoto baina yake huachana kiasi cha mita 7.3 kwa farasi mkubwa, na pungufu kwa mdogo. Farasi akikataa, nimewaona walimu wakishika fimbo. Mimi naona kwanza mti ushushwe, utepe urudishwe chini, na mgongo wake ukaguliwe chini ya tandiko, kwani mara nyingi mnyama huyo ana udhuru. Akianza kugonga kwa kwato za nyuma amechoka, na somo lifungwe hapo hapo.

Mpandaji asiruke peke yake uwanjani, akaze mshipi wa tandiko mara ya pili baada ya kumpasha farasi moto, avae viatu vyenye kisigino ili mguu usipenye na kunaswa katika kikuku, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Kofia iliyokwisha pokea pigo la anguko haivaliwi tena, hata kama haina ufa, kwa sababu bitana yake ya kuzuia kishindo hubonyea mara moja wala hairudi.