Barua Iliyosimamisha Mahindi Busia

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, barua moja kutoka Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya kwenda kwa kamishna wa forodha ilitosha kuyapiga marufuku mahindi yote ya Uganda na Tanzania. Mpakani Busia, na Malaba upande wa Tororo, malori yaliyokwisha kupakia yakakwama. Kosa lililotajwa lilikuwa sumukuvu.

Sumukuvu si jambo la kubeza. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, ila mahindi yale yalikuwa yamelimwa na kuhifadhiwa hukohuko. Kikomo chenyewe, mikrogramu 10 kwa kilo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikwisha kukubaliana. Basi kwa nini zihukumiwe nchi mbili nzima badala ya kupimwa shehena moja moja? Hapo, kwa maoni yangu, ndipo siasa ilipovaa koti la daktari. Siku tano baadaye Nairobi ililegeza: mwagizaji ajisajili, kila shehena iwe na cheti. Kwa kampuni kubwa cheti ni gharama tu. Kwa mama mwenye magunia matatu pale Sofia, mtaa wa Busia, ni kisingizio cha kutosha cha kupita njia za panya, ambako hakuna anayepima chochote.

Kutumia sheria kama silaha mpakani hapa hakukuanza na mahindi. Februari 1976 Idi Amin alifufua karatasi za wakoloni: mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia Kenya, kwa hiyo ardhi ile, alidai, ilikuwa ya Uganda. Kenyatta hakubishana sana juu ya karatasi. Kenya ilibana mizigo ya Uganda na kudai madeni yake yalipwe, na Amin akarudi nyuma.

Uganda haijapata bahari tangu hapo, lakini imepata mahakama. Kenya ilipoinyima kampuni ya taifa ya Uganda leseni ya kupitisha mafuta Mombasa, Desemba 2023 Kampala ilifungua kesi Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Machi 2024 leseni ikatolewa, majaji wakiwa hawajatoa hukumu.

Mlango huohuo wa Arusha uko wazi hata kwa yule mama wa Sofia. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote kuishtaki serikali mwanachama, mradi awahi ndani ya miezi miwili. Nauli na wakili ni juu yake.