Moto uko bandani, joto liko chumbani

Vijana wenzangu wa hapa Vitongoji wenye ndugu Ulaya huniuliza swali lile lile: wale watu wanapasha nyumba nzima kwa kuni, mbona hawafi kwa moshi? Swali zuri hilo, na jibu lake linaweza kumwokoa mtu.

Kwetu hata kipupwe kikizidi, shuka moja inatosha. Lakini boila si kitu kigeni. Hapo Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, boila linatoa mvuke, mvuke unapita kwenye makonyo na kuondoka na mafuta. Moto uko huku, kazi inafanyika kule. Boila la nyumba ni wazo hilo hilo, ila lenyewe halitafuti mvuke. Linapasha maji mpaka nyuzi 70 au 80 hivi, basi.

Mara nyingi linakaa banda la nje au chumba cha chini. Ndani kuna moto, maji yanauzunguka. Pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta zilizofungwa vyumbani. Ndiyo, rejeta kama ya gari: gari inalitupa joto, nyumba inalitaka. Maji yakipoa yanarudi kwenye boila, na moshi unatokea kwenye dohani.

Mimi kilichonivutia zaidi ni tangi. Wengi wanaunganisha tangi la lita 1,000 au zaidi, limevikwa kama chupa ya chai. Unawasha moto mkali mara moja, joto linakaa kwenye maji, unalala moto umeshazima. Kuyatoa maji lita 1,000 kutoka nyuzi 40 hadi 80 kunataka kama kilo 13 mpaka 15 za kuni kavu. Kavu kweli lakini! Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto utayachemsha hayo kwanza kabla ya kukupa wewe chochote. Kwa hiyo kuni zinapasuliwa na kupangwa chini ya paa mwaka mmodi au miwili. Kuni mbichi zinaacha utando mweusi kama lami ndani ya dohani, na utando huo siku ukishika moto, nyumba imekwenda.

Sasa turudi kwenye kufa. Mtu wa pwani anakwenda Njombe, Limuru au London, baridi inambana, anaingiza seredani chumbani na kufunga madirisha. Haoni moshi, anadhani yuko salama. Kumbe makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, haamki. Boila nalo linatoa hewa hiyo hiyo, ila inapelekwa nje. Na bado watu wanaojali wanaweka king'ora cha kuinusa, maana dohani huziba.

Jambo jingine ni umeme. Ukikatika, pampu inasimama lakini kuni zinaendelea kuwaka. Maji yanachemka, presha inapanda, na hapo lazima kuwe na vavu ya kujifungua yenyewe. Fundi wa kuchomelea mapipa akikwambia vavu haina haja, mwambie alale nalo yeye.