Tabibu na Ujira Wake

Katika nyumba zetu, mtoto akirejea na matokeo mazuri ya mtihani, neno la kwanza kumtoka mzee wake kinywani ni kuwa huyu atakuwa daktari. Bibi humwombea dua, majirani huja kupongeza, na tangu siku ile mtoto huitwa kwa kazi ambayo bado hajaianza. Nia hiyo ni njema wala hapana wa kuilaumu. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumiddin, aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kifaya, akasikitika kwamba katika zama zake ilikuwako miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, hali ya kuwa wanafunzi wamesongamana katika mijadala ya fikihi. Na faradhi ya kifaya, kama wasomaji wetu wajuavyo, wakiitekeleza baadhi ya watu huwaondokea waliobaki. Asipoitekeleza mtu, dhambi huwa juu ya wote.

Lakini liko suali ambalo hatulisikii likiulizwa barazani. Mtoto huyu akishakuwa tabibu katika hospitali ya serikali, ni nani atakayemtimizia yeye haki yake? Faradhi ile tumeifahamu upande mmoja tu. Twadhani kwamba mji ukishapata tabibu, basi mji umekwisha toka katika dhima. Kumbe tabibu naye ni mwanadamu; ana watoto wa kulisha na mwili unaotaka usingizi, na mji usiomlipa wala kumpumzisha hauna budi kumpoteza. Ama ataihama nchi, ama ataiacha kazi, ama atabaki pale pale hospitalini kiwiliwili, na moyo wake umekwisha ondoka. Hapo mji huwa umerudi katika dhima ile ile.

Na tuitazame Kenya, maana mambo yake yako wazi na yameandikwa. Kijana husoma udaktari chuoni miaka sita. Akimaliza, hupelekwa hospitalini mwaka mzima akiwa mwanagenzi, akizunguka wodi ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji na ya maradhi ya ndani. Bila ya mwaka huo hapati idhini ya kutibu kwa kujitegemea, kwa hiyo hawezi kusema, "Kazi hii yanishinda, natafuta nyingine." Yeye ndiye aamshwaye usiku akaletwa mtu wa ajali, na mara nyingi ndiye daktari wa kwanza kumwona mama aliyeshikwa na uchungu. Naye ndiye mwenye sauti ndogo kabisa katika hospitali nzima.

Mwezi wa Juni 2013 Wizara ya Afya ilitia saini mkataba na chama cha madaktari. Katika mkataba huo mlikuwamo nyongeza ya mishahara, kuajiriwa kwa madaktari zaidi na kusomeshwa mabingwa. Mwaka ule ule huduma za afya ziligawiwa kaunti 47, ukazuka ubishi juu ya nani mwenye deni: Serikali Kuu iliyotia saini au kaunti zilizorithi hospitali. Miaka mitatu na zaidi ikapita karatasi ikiwa ni karatasi. Tarehe 5 Disemba 2016 madaktari wakaacha kazi nchi nzima. Mwezi wa Januari wakaahidiwa nyongeza ya asilimia 40 wakaikataa, wakisema wao hawadai nyongeza mpya bali wadai lililotiwa saini. Tarehe 13 Februari 2017 mahakama ikawafunga viongozi saba wa chama chao kifungo cha mwezi mmoja kwa kutotii amri ya kuusitisha mgomo, na baada ya siku mbili Mahakama ya Rufani ikawatoa. Mgomo ukaisha tarehe 14 Machi, siku ya 100. Hawajapumua watu, mwezi wa Juni wakagoma wauguzi nao, na mgomo wao ukaendelea mpaka mwanzo wa Novemba.

Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka huo wa 2017, na ndani yake ujira wa mwanagenzi uliwekwa kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikasema haina uwezo huo, ikataka wanagenzi wapya wapewe shilingi 70,000. Madaktari wakagoma tena, tangu katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, siku 56. Na suala la wanagenzi lisimalizike mpaka Disemba mwaka huo, ilipokubaliwa tena kuwa watalipwa kama mkataba ulivyosema. Yaani ilikuwa ni miaka saba ya kugombana juu ya saini iliyokwisha kuwekwa. Mwaka 2025 kaunti ya Kiambu peke yake ilikaa bila ya madaktari wake kwa muda wa kiasi cha miezi mitano.

Msomaji huenda akasema, "Shilingi laki mbili ni fedha nyingi! Mwalimu wa madrasa yetu hapati hata sehemu ya kumi ya hizo." Ni kweli, na khabari ya mwalimu wa madrasa ni aibu yetu sisi wenyewe, nayo inastahili makala yake. Lakini dhulma ya mmoja haihalalishi dhulma ya mwingine. Wala hapa hatubishani juu ya wingi wa fedha. Lau serikali ingemwambia kijana tangu mwanzo, "Twaweza kiasi hiki, kazi ni saa hizi, ukiridhika njoo," angejua la kufanya. Kumwahidi kwa maandishi, kisha kumkesheza usiku kucha, kisha kumwambia mwisho wa mwezi kuwa ahadi ile ilikuwa kubwa mno, hayo ni mambo mengine. Bwana Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba mwenye kuajiriwa alipwe upesi, jasho lake lingali bichi, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama yumo aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hadithi hiyo haikumtoa gavana wala waziri.

Sasa natuuangalie moyo wa mwenyewe tabibu, maana hapa ndipo maradhi yenyewe yalipo. Mwaka 1974 mtaalamu wa mambo ya nafsi aitwaye Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure mjini New York. Aliwaona wale waliokuja na hamu kubwa kuliko wote ndio waliokwisha upesi. Hali hiyo akaiita kwa neno la kitu kilichoungua mpaka kikazimika, mithili ya utambi ulioachwa kuwaka na mafuta yamekauka. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipokubali orodha yake mpya ya maradhi, liliieleza hali hii kuwa si maradhi kwa nafsi yake bali ni jambo litokanalo na kazi yenye mashaka yasiyotengenezwa. Alama zake ni tatu. Kwanza nguvu humwisha mtu, akaamka amechoka kama alivyolala. Kisha moyo wake hujitenga na kazi, akawa hamwoni tena mgonjwa, aona nambari ya kitanda. Na mwisho hujiona hafai kitu, na kwamba kila alifanyalo ni bure.

Alama ile ya pili ndiyo tuijuayo sisi wagonjwa, ila hatujui kuwa ni alama. Mama hurudi kutoka kliniki akanung'unika, "Yule daktari hakunitazama hata usoni, kaandika dawa kabla sijamaliza maneno yangu." Huenda kweli ni mtu mwenye kiburi, na wenye kiburi hawakosekani katika kazi yoyote. Lakini huenda vilevile kwamba mama ni mgonjwa wa sitini asubuhi ile, na mwenye kumtibu hajalala tangu juzi.

Kukosa usingizi si jambo dogo. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia waliwapima watu waliokesha, wakaona kwamba aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na wa mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu; na aliyefika saa 24 huwa sawa na mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa kuendesha gari nacho. Tazama basi: kijana wa Kiislamu ambaye pombe haijapata kugusa mdomo wake hufikishwa na zamu ya kazi mahali pa mlevi, kisha akakabidhiwa kisu. Na katika hospitali moja ya Boston nchini Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wanagenzi waliofanya zamu za kupita saa 24 walitenda makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi ya walipokuwa katika zamu fupi. Hawakuwa watu wengine. Walikuwa ni wanagenzi wale wale. Mwili wa tabibu mwenyewe nao hulipa: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huwa karibu na kiharusi kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na karibu na kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17.

Mwaka 2024 chama cha madaktari wa Kenya kilitangaza kwamba wako wanagenzi waliojiua, kikazilaumu zamu ndefu na ujira ucheleweshwao. Jambo hili twalitaja kwa uchungu, na twalitaja kwa sababu katika familia zetu mtu akianza kusema kuwa maisha yamemchosha huambiwa imani yake ni ndogo, mazungumzo yakaishia hapo. Asiachwe peke yake mtu huyo. Asikilizwe, akae na watu, na apelekwe kwa tabibu wa maradhi ya nafsi kama ambavyo angepelekwa lau mguu wake umevunjika. Salman al-Farisi alipomkuta Abu Dardaa akikesha katika ibada hata akaisahau nyumba yake, alimzuia, akamkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake na watu wa nyumbani mwake wana haki, na Mtume (s.a.w.) alipoletewa khabari ile akamsadikisha Salman. Ikiwa mkesho wa sala una mpaka, mkesho wa wodini utakosaje mpaka?

Wazee wetu katika Uislamu hawakulighafilika jambo hili. Hospitali ya Adud al-Dawla mjini Baghdad, katika karne ya nne ya Hijria, ilikuwa na matabibu 24. Mmoja wao alikuwa Jibrail wa ukoo wa Bukhtishu, Mkristo, na Ibn Abi Usaybia katika kitabu chake cha khabari za matabibu ameandika kwamba ujira wake wa hospitali ulikuwa dirhamu 300 kwa mwezi, na zamu yake siku mbili na masiku yake mawili katika kila wiki. Ujira umetajwa na zamu imetajwa, pamoja. Na Sultani Qalawun wa Misri kabla ya kutawala aliugua akiwa Sham, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nuruddin iliyoko Damascus, akaweka nadhiri kuwa akipata ufalme atajenga mfano wake. Akaijenga Cairo, ikamalizika mwaka 683 wa Hijria, yaani 1284, akaiwekea wakfu wa maduka na majumba ili pato lake lilipe matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa. Hakuitegemea fadhila ya hazina ya mwaka hadi mwaka. Alijua kuwa hazina ina wenyewe wengi.

Wakfu zetu za pwani nyingi ni za misikiti, visima na makaburi. Hapana kinachomzuia mwenye nyumba karibu na hospitali kuiweka wakfu ili wanagenzi wa zamu wapate pa kulala, au kikundi cha kina mama kuchangia chakula cha usiku kwa wanaokesha. Hayo hayaiondolei serikali deni lake hata kwa senti moja, na mwenye kuyafanya asikubali yafanywe kisingizio.

Ama juu ya mgomo, rai yetu ni hii. Kumwacha mtu anayekata roho mlangoni na wewe waweza kumwokoa ni jambo zito mbele ya Mungu aliyeifanya roho moja kuwa kama roho za watu wote, na daktari anayegoma hana budi kuhakikisha kuwa wako waliobaki kwa ajili ya walio mahututi. Lakini mwenye kalamu aliyeiacha ahadi ikaoza miaka mitatu naye yumo katika damu hiyo, wala hatoki kwa kusema kuwa yeye hakuwapo hospitalini. Tajiri siku zile 100 alikwenda hospitali ya kulipia. Aliyekaa nyumbani na mtoto mwenye homa alikuwa ni yule asiyekuwa na nauli.

Na sisi jamaa? Daktari akianza kazi tu, binamu wa tatu humwandikia kuwa karo imekwama. Haulizwi kama mshahara umetoka. Yatosha kuwa ni daktari. Akikosa harusi kwa sababu ya zamu husemwa kuwa amejivuna, na mkewe au mumewe hulaumiwa kuwa amemfungia nyumbani. Siku yake ya mapumziko hugeuzwa kliniki ya ukoo mzima, wa shinikizo la damu na wa goti, na chai haijaisha kikombeni. Mzazi anaweza kuyakataza haya kwa neno moja, na neno lake likasikiwa.

Kwa vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii hatuwaambii waiache, maana haja ya watu ni kubwa. Twawaambia wajue saa na ujira kabla ya kuweka saini, na wahifadhi nakala ya kila walichokitilia saini. Na kwa wazazi: katika Kenya mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya bajeti kupitishwa kila kaunti hulazimika kwa Katiba kuwashirikisha wananchi na kuyasikia maoni yao. Mwenye kuhudhuria na aulize mambo mawili, jibu aliandike kwa tarehe na jina la aliyelitoa: wanagenzi wangapi wanadai mishahara ya miezi iliyopita, na daktari wa zamu ya usiku huondoka saa ngapi asubuhi yake.