Tairi la Gari Katika Pikipiki: Tatizo la Istilahi

Neno tairi latumika kwa baiskeli, pikipiki na gari bila kubagua. Mfasiri wa maandishi ya Marekani kuhusu pikipiki nzito za masafa hana budi kutahadhari nalo. Huko wapo waendeshaji wafungao tairi la gari nyuma, kwa hoja kwamba halichakai upesi. Wenyewe kwa mzaha husema wamehamia upande wa giza. Watengenezaji wa matairi hawalikubali jambo hilo.

Sababu ni umbo. Uso wa tairi la pikipiki, penye zile ziitwazo kashata na mafundi, una mviringo, ili pikipiki ilalapo katika kona uendelee kugusa barabara vizuri. Uso wa tairi la gari ni bapa. Pikipiki ikilala, huegemea ukingo wake. Tena ringi za vyombo hivi hazikuchongwa sawa pale tairi linapokaa, hata zote zikiwa za inchi 16.

Hapo ndipo penye hatari katika tafsiri. Ule mzingo wenye waya ndani, unaolishikiza tairi katika ringi, huweza kuandikwa “ukingo”, neno lile lile litumikalo kwa pembe ya uso wa tairi. Napendekeza “ukosi wa tairi”, kwa kuwa huikumbata ringi kama ukosi wa shati ukumbatavyo shingo. Aidha, maelekezo yasiseme “tairi limekaa” pale yakusudiapo “ukosi umebana sawasawa pande zote”: fundi asomaye lile la kwanza huweza kuitoa pikipiki karakana akidhani kazi imekwisha.