Mbwa wa kondoo hachaguliwi kwa rangi

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1893, katika jimbo la Northumberland lililo mpakani mwa Uingereza na Uskoti, kulizaliwa kilebu mmoja dume, mweusi, mwenye weupe kidogo na rangi ya kahawia hapa na pale. Mwenyewe, mkulima aliyeitwa Adam Telfer, alimpa jina la Hemp. Leo hii anajulikana kama Old Hemp, na karibu kila mbwa wa jamii ya Border Collie ulimwenguni ana damu yake.

Kilebu huyo hakupatikana kwa bahati tu. Baba yake, Roy, alikuwa mbwa mchangamfu na mpole, lakini hakuwa na lile "jicho" ambalo wachungaji wanalithamini sana, yaani ule uwezo wa mbwa kuinama, kumkazia kondoo macho na kumsogeza bila kubweka wala kung'ata. Mama yake, Meg, alikuwa kinyume kabisa. Alikuwa na haya, na jicho lake lilikuwa kali mno hivi kwamba alielekea kujipumbaza mwenyewe kabla ya kuwapumbaza kondoo. Telfer aliona kwamba upungufu wa huyu ungefidiwa na huyo mwingine. Akawakutanisha. Hemp alifanya kazi kwa utulivu ambao wachungaji wa enzi hizo hawakuwa wameuzoea (wachungaji wa mifugo, tafadhali, si wale wa kanisa), na kabla ya kufa mwaka wa 1901 alikuwa amewazaa vilebu wanaokadiriwa kufikia 200.

Msomaji atagundua kwamba katika kisa hiki chote, hakuna mahali ambapo Telfer aliuliza rangi.

Hilo ndilo suala linalozua ubishi miongoni mwa wafugaji wa mbwa hawa hadi sasa. Border Collie, ambaye tutamwita koli tu, huzaliwa na rangi nyingi ajabu. Wapo weusi kwa weupe, ambao ndio wengi. Wapo wekundu-kahawia, wenye rangi tatu, wa kijivu cha moshi, na wale wenye mabakabaka ya kijivu yaliyotapakaa kama wino uliomwagikiwa na maji. Hawa wa mwisho wanaitwa merli, na baadhi yao wana macho ya buluu. Wanapendeza, hakuna anayekana. Na kwa sababu wanapendeza, bei yao hupanda, na watu huanza kuwazalisha kwa ajili ya bei hiyo.

Mfugaji wa Githunguri anapokwenda kununua mtamba, atauliza mamake hutoa lita ngapi kwa siku, huzaa bila shida, na amewahi kuugua ugonjwa wa kiwele? Muuzaji akianza kumsifia madoa ya ng'ombe huyo, mnunuzi atashuku mara moja kwamba kuna jambo linalofichwa. Lakini mtu yuyo huyo akitaka mbwa, mara nyingi swali la kwanza ni rangi!

Kuna sababu moja rahisi inayofanya rangi iwe mtego. Rangi huonekana siku kilebu anapozaliwa. Kazi haionekani. Koli huanza kufunzwa kuchunga akiwa na umri wa kati ya miezi minane na mwaka mmoja hivi, na huchukua muda mwingine mrefu kabla mwenyewe hajajua kwa hakika ana mbwa wa aina gani. Tuseme basi mbwa jike amezaa vilebu wanane, na wawili kati yao wana rangi anayoitaka mwenye mbwa. Akiamua kuwaweka hao wawili kuwa wazazi wa kesho, amekwisha kuwatupa sita kabla hawajafumbua macho. Huenda bingwa alikuwa miongoni mwa wale sita. Rudia hivyo vizazi vinne au vitano, na utabaki na mbwa wa kupendeza ambaye akiona kondoo hajui afanye nini.

Isitoshe, rangi hutawaliwa na jeni chache tu. Weusi huushinda wekundu, kwa hivyo mbwa wawili weusi wanaweza kumzaa mwekundu iwapo wote wawili wamebeba jeni hiyo kimyakimya. Ni hesabu ya darasa la baiolojia. Uwezo wa kuchunga ni kitu kingine. Ndani yake mna kasi, akili, moyo wa kutokata tamaa, usikivu, jicho, na ule ustadi wa kujua asimame wapi ili kundi lisitawanyike. Mambo haya yote hurithiwa, lakini kwa njia zilizofumana kama uzi wa mkeka. Ukivuta mmoja bila uangalifu, mwingine unafumuka.

Ndiyo maana wachungaji wa kule waliamua zamani kuwapima mbwa kwa kazi. Mashindano ya kwanza yanayojulikana nchini Uingereza yalifanyika Bala, Wales, mwaka wa 1873, na mshindi akawa Tweed, mbwa wa Mskoti mmoja aliyeishi huko, James Thomson. Mwaka wa 1906 kikaundwa Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo, ISDS, ambacho hutunza kitabu cha nasaba za mbwa hawa. Jina lenyewe la Border Collie linahusishwa na aliyekuwa katibu wake, James Reid, mnamo mwaka wa 1915.

Katika fainali kuu ya chama hicho, mbwa mmoja hukusanya kondoo 20. Hutumwa kwanza kuwachukua kumi walio mbali, kiasi cha mita 700 kutoka aliposimama mwenye mbwa, kisha huamriwa awaache hapo, ageuke nyuma, akatafute kumi wengine ambao huenda hata hawaoni. Akisha kuwaunganisha na kuwapitisha baina ya vizuizi, sharti wabaguliwe watano waliovikwa ukanda shingoni, wale 15 wengine waachwe waende, na hao watano waingizwe zizini. Kazi hii yote ni ya dakika 30, na mchungaji hana chombo ila sauti na mbinja zake. Waamuzi huanza na alama kamili na kuzipunguza kila mbwa anapokosea. Hakuna alama hata moja ya manyoya.

Na mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa? Chama kinaweza kumkubali akionyesha mbele ya waamuzi kwamba kazi anaiweza, na macho yake yakipimwa na kuonekana mazima.

Upande wa pili wako wale wa maonyesho ya urembo. Kennel Club ya London ilimtambua koli mwaka wa 1976, nayo American Kennel Club ikafanya hivyo mwaka wa 1995, licha ya wafugaji wengi wa mbwa wa kazi nchini Marekani kupinga vikali. Hofu yao ilikuwa kwamba mbwa atagawanyika mara mbili: mmoja wa shambani na mwingine wa zulia. Hadi leo chama chao, American Border Collie Association, humfuta kitabuni koli yeyote anayetawazwa bingwa wa urembo. Adhabu hiyo ni kali, na mwandishi huyu haoni kosa la mbwa mwenyewe, lakini ujumbe umeeleweka.

Mambo yangekuwa mepesi kama hasara ingekuwa ya kazi tu. Kwa bahati mbaya kuna vilebu wanaoumia.

Chukua wale wa merli. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni hiyo aghalabu huishi vizuri. Tatizo huja pale mtu, kwa tamaa ya kupata vilebu wengi wenye mabaka, anapomkutanisha merli na merli. Kwa wastani kilebu mmoja kati ya wanne atarithi nakala mbili. Huyu huzaliwa akiwa mweupe sehemu kubwa ya mwili, na wengi wa aina yake huwa viziwi, au vipofu, au vyote viwili. Wengine huzaliwa na macho madogo yasiyokamilika. Hakuna dawa. Yalikuwa matokeo ya kutarajiwa tangu siku wazazi walipokutanishwa, na ndiyo sababu Kennel Club haisajili tena vilebu wa merli kwa merli.

Hata bila nakala mbili, rangi na masikio vina uhusiano. Utafiti uliofanyiwa koli 2,597 nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba asilimia 2.8 walikuwa na uziwi wa sikio moja au yote mawili. Uziwi huo ulionekana zaidi kwa mbwa wa merli, wenye macho ya buluu, na wenye weupe mwingi kichwani. Asilimia hiyo ni ndogo, naam. Lakini fikiria mbwa aliye mlimani, nusu kilomita kutoka kwa bwana wake, upepo ukivuma, naye asisikie mbinja ya kumwambia asimame kabla kundi halijafika kwenye jabali.

Wachungaji nao wana chuki zao za rangi. Wengi hawataki mbwa mweupe, wakidai kwamba kondoo hawamwogopi, na kwamba wakati wa theluji haonekani. Wapo waliowahi kuwafuga na wakawaona wanafanya kazi sawasawa. Basi kumkataa mbwa mweupe anayesikia vizuri na anayejua kazi ni kosa lile lile la kumchagua merli, ila limegeuzwa shati.

Je, ina maana kwamba ukitazama kazi pekee umemaliza? La. Mwaka wa 1965 mbwa aitwaye Wiston Cap, akiwa bado hajafikisha miaka miwili na nusu, alitwaa ubingwa wa kimataifa akiongozwa na Jock Richardson wa Uskoti. Kila mtu akataka damu yake. Vilebu 1,933 waliandikishwa kwa jina lake kama baba. Ni sifa kubwa, lakini pia ni hatari, kwa kuwa chochote kilichojificha katika damu ya mbwa mmoja huenea kwa taifa zima la mbwa, na vizazi vya baadaye hukutana ndugu kwa ndugu bila kujua.

Kwa hivyo mfugaji mwaminifu hupima. Koli ana ugonjwa wa macho wa kurithi, ambao humpata kilebu akipokea jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Siku hizi tone la damu au mate linatosha kuonyesha nani mzima, nani mgonjwa, na nani mbebaji. Mbebaji mwenyewe hana shida ya macho. Kama ni hodari kazini, si lazima atupwe, almuradi akutanishwe na mzima. Nyonga nazo hupigwa picha za eksirei. Kifafa ndicho kinachosumbua zaidi, kwani hakina kipimo cha kutegemewa cha kukitabiri. Hapo inabidi kuulizia shangazi, wajomba na babu wa mbwa huyo, kama wafanyavyo wazee wetu kabla ya kupeleka posa. Na haya yote huchukua muda: mbwa asiyefikisha miaka miwili, ambaye hajajulikana kazi yake wala afya yake, ni mapema mno kumfanya mzazi.

Kule Skipton, kaskazini mwa Uingereza, mbwa huuzwa mnadani baada ya kuonyeshwa uwanjani wakichunga kondoo mbele ya wanunuzi. Mwezi wa Februari 2020, jike mmoja aitwaye Megan aliuzwa huko kwa pauni 18,900, akanunuliwa na mkulima wa Marekani. Pesa hizo zingetosha kununua kundi la kondoo lenyewe! Kilichomleta mnunuzi kutoka ng'ambo ni yale aliyoyaona Megan akiyafanya.

Kwa familia ya mjini, hata hivyo, mbwa kama Megan angekuwa balaa. Koli aliyezaliwa na moto wa kazi, akifungiwa kwenye ua wa mtaa, atajitafutia kazi mwenyewe: atafukuza baiskeli, magari, na watoto wa jirani, akiwazungusha kama kondoo. Mbwa huyu huishi miaka 12 hadi 15, na haridhiki na kutembezwa dakika kumi jioni.

Mwenye nafasi na nia ya dhati asianze na picha za vilebu kwenye simu. Akawatazame wazazi wote wawili wakifanya kazi, au angalau mama. Aombe kuona vyeti vya macho na nyonga, na akiambiwa havipo, aondoke. Akimwona muuzaji anatoza zaidi kwa sababu ya rangi, aondoke upesi zaidi. Na amweleze mwenye mbwa ukweli kuhusu nyumba yake, ukubwa wa uwanja, na saa ambazo watu huwa nyumbani. Mchungaji mzoefu huwajua wanawe. Katika karibu kila uzazi kuna mmoja ambaye kondoo hawamwashi moto, anayependa kukaa miguuni pa watu kuliko kukimbilia kilimani. Huyo hatashinda mashindano yoyote, na ndiye wa kuuliziwa.