Naviundu: ekrani nne juu ya Linux, ununue karti gani?

Anayetaka kufunga ekrani nne kwenye kompyuta ya Linux hapa Naviundu, Lubumbashi, asikimbilie karti kali ya michezo ya video. Ahesabu kwanza matundu. AMD Radeon Pro WX 4100 na Nvidia T1000 zote zina matundu manne madogo ya DisplayPort, na kila moja haipiti wati 50: umeme ukikatika, betri ya akiba haiishi upesi. Tofauti iko kwenye programu ya kuiendesha. Ya AMD imo tayari ndani ya Linux; ile kamili ya Nvidia hupakuliwa kando, na mega ni feza. Mimi ningechukua AMD. Ikiwa karti imekwisha kutumika, washa ekrani zote nne mbele ya muuzaji, kwa nyaya zako mwenyewe, ndipo ulipe.